Siku Tulipoulizwa Tuko Wangapi

Harufu ya nyumba iliyoungua si harufu ya moto. Ni harufu ya maji. Moto unapita, lakini maji waliyoumwagia yanabaki ndani ya mbao, ndani ya magodoro, ndani ya plasta ya zamani, yakioza polepole na masizi. Wiki iliyopita nilishuka basi mtaa wa Mount Dennis, huku Canada, kumpelekea rafiki yangu funguo zake, upepo ukanijia na harufu hiyo kutoka kichochoro fulani. Sikwenda kutazama ni nyumba ya nani. Nilikaa kituoni nikaacha mabasi matatu yanipite, mwanamke mzima na mkoba wangu mapajani, hadi kijana mmoja akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa. Sisi watu wa rika langu tumelelewa kujibu hivyo.

Nyumba yetu ilikuwa ya matofali mekundu, imejengwa na watu waliokufa zamani, ikakatwakatwa vyumba vya kupangisha na watu waliokuwa bado hai na wavivu. Sisi tulikuwa na ghorofa ya kati na chumba cha juu, chini ya paa. Chini kabisa hapakuwa na mpangaji majira yale. Mama na mdogo wake, mama mdogo wetu, walifanya kazi pamoja kiwandani Rexdale, wakipakia mikate kwenye kreti, na zamu yao ilianza mchana. Baba alikuwa amebaki Kenya akingoja makaratasi. Kwa hiyo mtu mzima wa nyumbani, tukitoka shule, alikuwa Kukhu, yaani bibi yetu mzaa mama. Aliletwa kutoka Bungoma aje kutulea, akafika na kanga kumi na moja na bila koti hata moja.

Watoto tulikuwa mimi, wa kwanza, mwenye miaka tisa, Nafula aliyenifuata, na Wekesa, kaka yetu, aliyekuwa na miaka minne na mdomo usiofunga. Kisha watoto wa mama mdogo: Simiyu, aliyelingana na Wekesa kimo na ujinga, na Naliaka aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Unaona nimewataja kwa majina. Ndivyo Kukhu alivyotufundisha. Kwake yeye mtoto hahesabiwi. Kuku wanahesabiwa, na hata hao yeye aliwatambua kwa rangi. Ukimwuliza mwenye boma ana watoto wangapi, atakwambia wapo, au atakwambia Mungu amejalia, na wewe kama una adabu utaridhika.

Siku moja mezani nilinyoosha kidole nikaanza kutuhesabu kwa Kiingereza, nikijifanya mwalimu. Kukhu alinipiga kofi la mkono hata kabla sijafika kwa Simiyu. Hakuwa mwenye kupiga. Akanishika kidole kile kile, akakifumba ndani ya ngumi yangu.

"Ukihesabu, kuna anayesikiliza," akasema. "Ukimwambia idadi, atataka kuipunguza."

Nilimwamini kabisa. Watoto huamini mambo kama hayo kuliko wanavyoamini habari za Mungu, kwa sababu Mungu ni mwema na haji kukuchukua ukikosea hesabu. Nilidhani huyo anayesikiliza anakaa ndani ya ukuta wa sebule, kwa kuwa ukuta ule ulikuwa na sauti zake: uligonga, ulikwaruza, na usiku wa baridi kali ulilia. Mama alisema ni mabomba. Nilimhurumia mama kwa kutojua.

Lakini Kukhu alikuwa na njia zake za kujua kama tumetimia. Saa ya uji alipanga vikombe kwenye dirisha la jikoni, kila mtoto na kikombe chake, cha Wekesa kikiwa cha bati kwa sababu vya udongo alivivunja. Kikombe kikibaki, ana mtoto wa kutafuta. Vilevile alitazama viatu mlangoni. Leo nikiona walimu wa chekechea wakihesabu vichwa kwenye bustani, nasema Kukhu alikuwa makini kuwapita wote, mradi tu vikombe vyake viwepo.

Nami nilikuwa mkalimani wake. Nilikuwa na Kiingereza safi kama maji ya bomba, na nilikionea fahari, na yeye nilimwonea aibu. Nasema wazi, kwa sababu mambo yote yanatoka hapo. Tulipopelekwa kliniki kuchanjwa, muuguzi alitupitishia kalamu vichwani, mmoja, wawili, watatu, na Kukhu akatema mate pembeni, pale pale kwenye sakafu inayong'aa, kuondoa mkosi. Yule muuguzi akanigeukia. "Amesema nini?" Hakuwa amesema kitu, lakini ilibidi nieleze, na nilipoeleza muuguzi alimtazama mwenzake, wakabana midomo. Nilijua kicheko kilichobanwa kikoje. Nikaapa kwamba sitaeleza tena mambo ya Kukhu kwa mzungu yeyote, hata nikikatwa kichwa.

Siku mbili kabla ya moto, sebule ilinuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Mama alimpigia mwenye nyumba kwa simu yake ya kukunja. Mwenye nyumba akasema nyaya za nyumba za zamani hunuka hivyo hita zikiwashwa, atakuja Jumamosi. Kukhu alifungua madirisha, akachoma maganda ya machungwa. Mimi niliuwekea ukuta sikio na kusikia kama mtu anatafuna kaukau za viazi. Sikumwambia mtu. Nilidhani ni yule msikilizaji, na kwamba ukimtaja ndiyo unamwita.

Ilikuwa baada ya shule, jua la baridi likianza kuchoka. Mimi na Nafula tulikuwa sakafuni na runinga, Kukhu jikoni, Naliaka mgongoni kwake. Wekesa na Simiyu walikuwa juu, wakicheza kujificha. Halafu rangi ya ukuta nyuma ya runinga ikaanza kuvimba, taratibu, kama maziwa yanayokaribia kufurika, ikapasuka, na moshi ukatoka pale bila moto wowote wa kuonekana. Nilibaki natazama. Sikuogopa. Nilifikiri, kumbe anatoka leo.

Kukhu aliingia mbio kutoka jikoni. Alimnyanyua Nafula kwa mkono mmoja kama ndoo, akaniambia, "Walete walioko juu," akateremka ngazi.

Nikapanda. Ngazi ya kwenda chumba cha juu ilikuwa nyembamba, na moshi ulikuwa umefika huko kabla yangu. Baadaye niliambiwa kwamba nyumba za zamani kuta zake zina uwazi ndani, kutoka chini hadi paani, na moto hupanda humo kama mtu anayetumia ngazi ya siri. Nilifika katikati, nikaita, "Wekesa!" Mtoto akateremka mbio akanigonga tumboni, anakohoa, sweta la bluu. Mama na mdogo wake waliwanunulia wale wavulana masweta ya aina moja. Nikashika mkono wake mdogo, nikageuka, nikakimbia naye. Niliona nimewaokoa wote. Sijui niliwezaje kuona hivyo kwa mkono mmoja tu. Nimejiuliza maisha yangu yote na sijapata jibu lenye akili.

Nje kulikuwa na theluji ya juzi, imeshakuwa ngumu. Bi Pearl, jirani yetu Mjamaika, alikuwa ameshafika kwenye ngazi zetu na mablanketi mikononi, wajukuu zake watatu wakimfuata nyuma bila kuitwa. Alinipokonya mtoto, akamfunika kichwa hadi miguu, akanifunika na mimi, akawafunika na wajukuu zake kwa kuwa walitoka na fulana. Tukasimama pale, rundo la mablanketi yanayokohoa na kulia, na Kukhu mbele yetu bila viatu. Ni Bi Pearl aliyewapigia simu wazimamoto.

Walifika upesi mno. Hilo lazima niliseme. Lile gari kubwa lilijaza barabara nzima. Watu wakaruka kutoka kila upande, wazito kwa makoti yao, mitungi ya hewa migongoni. Mmoja alivunja dirisha letu la mbele kwa shoka, mwingine akang'oa mlango ambao haukuwa umefungwa. Nilidhani wametukasirikia. Nilidhani huku Canada, nyumba yako ikiungua, wanakuja watu kuimalizia ili ujifunze.

Mmoja wao, mwenye masharubu yenye mvi, akaja kwetu na barakoa yake ikining'inia shingoni. Alimwuliza Kukhu kitu, akaona hajibiwi, akanitazama mimi. Akapiga goti moja kwenye theluji ili macho yetu yalingane. Mtu mzima kupiga goti mbele ya mtoto ilikuwa jambo kubwa kwangu, nikajiona mtu wa maana.

"Mnaishi watoto wangapi humu ndani?" akauliza. "Niambie idadi."

"Anasema nini?" Kukhu akauliza.

"Anauliza tuko wangapi, Kukhu."

Wakati huo huo yule mtu alishaanza kutunyooshea kidole, kidole kinene cha glavu, mmoja, wawili. Kukhu akamtandika mkono. Kisha akafungua kanga yake ya kiunoni, pale mbele za watu, akabaki na gauni, akatutupia vichwani juu ya mablanketi, sisi na wajukuu wa Bi Pearl, wote pamoja.

"Mwambie wapo," akasema. "Watoto wangu si mbuzi wa soko. Mwambie wapo, azime moto."

Yule mtu alinitazama. Sikuona amekasirika. Alikuwa akingoja. Nami chini ya kanga ile nilisikia watu wamejaa barabarani, na kati yao watoto wa shule yangu, na sauti ya yule muuguzi ikanirudia. Ningeweza kumwambia kwamba bibi yangu hahesabu watoto. Ningeweza kumwambia majina, kama nilivyowatajia ninyi. Ningeweza kusema ngoja, nikainua mablanketi nikatazama. Nikasema kwa Kiingereza changu safi:

"Anasema sote tumetoka. Hakuna mtu ndani."

"Una uhakika?"

"Ndiyo."

Akanipigapiga begani, akainuka, akapiga kelele kuwaambia wenzake. Sikujua wakati huo, lakini kwa watu wale hilo lilibadilisha kila kitu. Nilikuja kujua ukubwani kwamba wazimamoto hupekua nyumba hata wakiambiwa haina mtu. Huipekua, lakini kwa utaratibu, chumba kwa chumba, kuanzia palipo na moto, na mpira wa maji ukitangulia. Nyumba yenye mtoto ndani huingiwa namna nyingine.

Tukakaa. Sijui ni dakika ngapi, na siku hizi sitaki mtu anikadirie. Maji yalipanda, mvuke ukashuka. Kisha Bi Pearl akaona wajukuu zake wanatetemeka, akawaita waingie ndani. "Njooni, na ninyi wengine njooni," akasema. Wale watatu wakajichomoa chini ya kanga, wakaenda na mablanketi yao. Kanga ikalegea.

Kukhu akatazama kilichobaki. Akavuta blanketi la mtoto mdogo. Akatokea Simiyu, uso wote makamasi.

"Wekesa yuko wapi?" Kukhu akamwuliza polepole.

"Amejificha," Simiyu akasema. "Sijampata."

Tulikuwa watano. Nimeliandika hilo neno na mkono umesita, hata leo. Tulikuwa watano, na barabarani tulikuwa wanne.

Kukhu hakulia. Alielekea mlangoni kwa miguu mitupu, wazimamoto wawili wakamzuia, akawaburuta wote wawili hatua kadhaa. Mimi ndiye niliyemkimbilia yule wa masharubu nikamvuta koti. Sikumbuki nilitumia lugha gani. Alinielewa. Hakuniuliza kwa nini, hakupoteza hata muda wa kunitazama vibaya. Alivaa barakoa huku anakimbia, mwenzake nyuma yake, wakaingia, na nilisikia mtu akiwapigia kelele kwamba paa halifai. Waliingia tu.

Alitoka naye kwa dirisha la juu, kwa ngazi ya gari, amemkumbatia ndani ya koti lake. Alimkuta chumba cha juu, kwenye kabati la mama mdogo, nyuma ya makoti, milango imefungwa vizuri. Kaka yangu alikuwa hodari wa kujificha. Walimlaza kwenye theluji wakampulizia, wakambonyeza kifua, mtu mzima yule akizungumza naye muda wote kwa sauti ya chini kana kwamba anamwamsha aende shule. Hakuwa ameungua popote. Kwa muda mrefu jambo hilo lilinifanya niamini kwamba hospitali wataniletea habari njema.

Hawakuniletea. Mama na mama mdogo walitukuta hospitali wakiwa bado na kofia za kiwandani kichwani, unga wa mkate kwenye mikono. Sitaeleza sauti ya mama. Waswahili husema majuto ni mjukuu. Sisi mjukuu tulimzika, majuto yakabaki nasi, tukahama nayo hadi fleti ya Rexdale, ghorofa ya kumi, mahali ambapo hakuna aliyetufahamu.

Kanisani siku ya mazishi yule mzimamoto alisimama nyuma kabisa, na sare yake, sikio moja limefungwa bandeji. Kukhu alipomwona aligeuza uso. Alikuwa ameshaamua. "Yule ndiye aliyewanyooshea watoto kidole," alimwambia mama, kwa sauti ya kawaida, bila hasira hata kidogo. "Alifika kwa wa pili, nikamzuia, lakini alishaanza." Mama hakuwa na nguvu za kubisha. Kila aliyekuja kutupa pole aliambiwa hivyo hivyo: moto ulikuwa moto tu, watoto walishatoka, mzungu akawahesabu. Mpangilio wa matukio ulikuwa umejipindua kichwani mwake, na ndani ya mpangilio huo mimi sikuwepo.

Baada ya majuma kadhaa yule mzimamoto alikuja kwenye fleti yetu. Sijui alipataje anwani. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akakaa ukingoni mwa kiti, akanywa chai aliyopewa na mama mpaka mwisho. Kukhu alijifungia chumbani. Walizungumza kidogo sana. Mama alimshukuru, na yeye akatikisa kichwa kwa kila shukrani kama mtu anayekataa sukari. Nilipotumwa kumsindikiza hadi kwenye lifti, akapiga goti tena, kwenye zulia la korido. Ngozi ya sikio lake ilikuwa nyekundu, inang'aa.

"Nataka kukuuliza jambo," akasema. "Siku ile, nilikuuliza vibaya? Nilikuharakisha?"

Nilikuwa na jibu lake. Lilikuwa mdomoni, dogo, jepesi, na lingemtosha. Nikasema sijui. Akasema haidhuru, akasema mimi ni msichana jasiri. Lifti ikaja. Sikumwona tena.

Miaka ikaenda. Baba alikuja, akakuta nyumba ya watu wanaozungumza kwa uangalifu. Nafula na Simiyu wamekua na hawakumbuki mengi, au husema hivyo. Mama hakuniuliza hata siku moja kilichosemwa pale barabarani, na nimeshindwa kujua kama hakuniuliza kwa kuwa hajui au kwa kuwa anajua. Kukhu hakurudi Bungoma. Alisema hawezi kumwacha Wekesa peke yake kwenye ardhi inayoganda.

Alipolazwa kwa mara ya mwisho, nilikuwa nimeshamaliza chuo na nina kazi, nikaomba ruhusa nikae naye mchana. Alikuwa amebaki mifupa na macho. Siku hiyo alilala hadi sahani ya chakula ikapoa, kisha akafungua macho akiwa na akili zake zote.

"Nimekuwa nikijiuliza," akasema. "Wewe ndiwe uliyekuwa unatafsiri."

"Ndiyo, Kukhu."

"Nilikwambia umwambie wapo. Labda lilikuwa kosa langu. Labda ningekubali ahesabu." Alitafuta pumzi. "Niambie wewe uliyekuwepo. Ni mimi?"

Nilijua hiyo ndiyo nafasi yenyewe, na kwamba haitakuja nyingine. Ningemwambia: hapana, Kukhu, wewe ulisema wapo, mimi ndiye niliyesema hakuna mtu ndani. Alikuwa anauliza kweli, na kweli ilikuwa imekaa kwenye kiti kando yake. Hapakuwa na moshi. Hapakuwa na umati wala watoto wa shule wa kunicheka.

"Si wewe," nikasema. "Ni yule mzungu. Ndiye aliyetuhesabu."

Akashusha pumzi ndefu. Akatafuta mkono wangu juu ya shuka, akaushika, akaniambia nimekuwa mtoto mwema kwake tangu utotoni.